NYANZA, IVUNA NA UFANA: UKANDA WA NJE WA ASTEROIDI NA ASILI YA MAJI YA DUNIA

Mwaka 1957 jiwe dogo lilianguka kutoka angani katika eneo la Ufana, si mbali na Mlima Hanang. Wakati huo Wilaya ya Mbulu ilikuwa kubwa kuliko ilivyo leo, kwa kuwa Hanang na Babati zilikuwa hazijatengwa nayo. Siku hizi Ufana ni kata ya Wilaya ya Babati, mkoani Manyara. Uzito wa jiwe hilo uliosajiliwa katika orodha za kimataifa za vimondo ni gramu 189. Jiwe la aina yake lenye uzito huo huwa na ujazo wa sentimeta za ujazo 50 hivi, yaani kiasi cha yai la kuku, ila uzito wake ni zaidi ya mara tatu ya uzito wa yai.

Miaka 19 kabla yake, tarehe 16 Desemba 1938, jiwe jingine lilianguka Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, mahali panapojulikana tangu kale kwa chumvi yake na ambapo leo pamo katika Mkoa wa Songwe. Lilikuwa na uzito wa gramu 700 hivi. Mawe haya mawili ya Tanzania yametoka katika pande mbili za mfumo wa Jua zisizofanana hata kidogo, na kila moja limekuwa mfano wa jibu mojawapo kwa swali ambalo wataalamu bado wanalijadili: maji ya Dunia yalitoka wapi? Ili kulielewa swali hilo hapana budi kwenda kwanza mahali ambapo mawe ya namna hii huanzia safari yake, yaani katika ukanda wa asteroidi, na hasa katika sehemu yake ya nje. Huko kuna asteroidi moja yenye jina la Afrika Mashariki, nayo itatufaa kwa mfano.

Asteroidi iitwayo Nyanza

Kati ya njia ya Mirihi na njia ya Mshtarii kuna eneo pana ambamo mawe mengi, makubwa kwa madogo, hulizunguka Jua. Haya ndiyo yanayoitwa asteroidi, na wengine huyaita sayari ndogo. La kwanza kuonekana, Ceres, liligunduliwa na Giuseppe Piazzi mjini Palermo tarehe 1 Januari 1801. Ceres ndilo kubwa kuliko yote katika ukanda huo, na kipenyo chake ni kilometa 940 hivi. Asteroidi zenye kipenyo cha kilometa moja au zaidi ni zaidi ya milioni moja, lakini zote zikikusanywa pamoja hazifikii hata sehemu ishirini za elfu za uzito wa Dunia. Kwa hakika hazizidi asilimia 3 au 4 ya uzito wa Mwezi. Wale wanaodhani kwamba ukanda huu ni mabaki ya sayari nzima iliyopasuka wanapaswa kuitafakari hesabu hiyo.

Katika miaka ya 1930 asteroidi nyingi ziligunduliwa katika kituo cha falaki cha Johannesburg. Mwanafalaki Cyril Jackson alikuwa akipiga picha za anga kwa kuacha bamba la picha wazi kwa muda mrefu huku darubini ikizifuata nyota. Nyota hutokea kuwa vitone. Asteroidi, kwa sababu inasogea, huonekana mahali tofauti katika bamba la pili, au huacha mstari mfupi. Kwa njia hiyo Jackson alizipata Kenya na Uganda katika usiku mmoja wa Juni 1933. Tanga ilikuwa imekwisha kugunduliwa hapo mwaka 1930, na Ruvuma, Mombasa na Pemba zilifuata mwaka 1937. Majina hayo yalitolewa katika zama za ukoloni bila ya wenyeji wa mahali hapo kuulizwa, na pengine wengi wao hawajapata kusikia kwamba mito, miji na visiwa vyao vimo angani. Walimu wangeweza kulirekebisha jambo hilo kwa dakika chache tu za somo.

Nyanza, ambayo namba yake katika orodha ni 1356, iligunduliwa na Jackson mwaka 1935, ikapewa jina la uliokuwa Mkoa wa Nyanza nchini Kenya. Kipenyo chake kinakadiriwa kuwa kilometa 60 na kitu. Umbali wake wa wastani kutoka katika Jua ni vizio vya falaki 3.08. Kizio kimoja cha falaki ni umbali wa wastani kati ya Dunia na Jua, takriban kilometa milioni 150.

Mwanafunzi anaweza kuutafuta mwaka wa Nyanza yeye mwenyewe, bila darubini, kwa kutumia kanuni ya tatu ya Kepler. Kanuni hiyo husema kwamba muda wa mzunguko, ukipimwa kwa miaka na kuzidishwa kwa wenyewe, ni sawa na kipeo cha tatu cha umbali wa wastani, ukipimwa kwa vizio vya falaki. Kipeo cha tatu cha 3.08 ni 29.2, na kipeuo cha pili cha 29.2 ni 5.4. Kwa hiyo Nyanza hulizunguka Jua mara moja kwa miaka mitano na miezi mitano hivi. Mtoto aliyezaliwa Nyanza ilipokuwa mahali fulani atakuwa karibu kuanza shule ya msingi itakaporudi papo hapo.

Umbali huo unaweza kuonyeshwa katika kiwanja cha mpira. Weka chungwa katikati ya goli moja liwe Jua. Ikiwa meta 10 ni kizio kimoja cha falaki, Dunia itakuwa meta 10 kutoka golini, nayo itakuwa ndogo kuliko punje ya ulezi. Mirihi itakuwa meta 15, Nyanza meta 31, na Mshtarii meta 52, yaani itapita kidogo mstari wa katikati ya kiwanja. Kwa kipimo hicho Nyanza yenyewe haiwezi kuonekana: ni chembe ndogo kuliko vumbi la chaki. Darasa lililokwisha kufanya zoezi hili halitaamini tena picha za sinema zinazoonyesha chombo kikiyakwepa mawe yaliyosongamana. Ukanda wa asteroidi ni mtupu karibu kabisa, na vyombo kadhaa vya uchunguzi vimekwisha kuuvuka bila kugusa kitu.

Nuru hupungua kwa kadiri ya mraba wa umbali. Kwa hiyo kila meta ya mraba katika Nyanza hupata sehemu 1 tu kati ya 9.5 ya nuru inayofika kwenye Dunia, na joto la huko ni takriban nyuzi 110 za Selsiasi chini ya sifuri. Zaidi ya hayo, uso wa Nyanza ni mweusi kama makaa. Kati ya sehemu 100 za nuru inayoupiga, hurudisha sehemu 5 hivi tu. Haishangazi basi kwamba hata inapokuwa karibu nasi huwa hafifu zaidi ya mara elfu moja kuliko nyota hafifu kabisa zionekanazo kwa macho. Kwa wanafunzi wa Mbulu walio na darubini ya mkono, asteroidi inayofaa kuanzia ni Vesta, ambayo mara nyingine huonekana hata kwa macho matupu. Usiku wa kiangazi katika nyanda za juu za Mbulu ni wa baridi lakini ni mweusi vizuri, na kwa kuwa nchi iko karibu na ikweta, njia ya sayari hupita juu sana kichwani. Wachore nyota zilizo jirani na Vesta usiku mmoja, warudie baada ya siku tatu, kisha waone ni kitone kipi kilichohama.

Mapengo ya ukanda

Asteroidi hazikutawanyika sawasawa. Mwaka 1866 Mmarekani Daniel Kirkwood alionyesha kwamba kuna mapengo katika ukanda, umbali ambapo karibu hakuna asteroidi. Mapengo makubwa yako kwenye vizio 2.50, 2.82 na 3.27. Eneo lililo kati ya 2.82 na 3.27 ndilo huitwa ukanda wa nje, na Nyanza imo humo.

Sababu ya mapengo ni Mshtarii. Chukua asteroidi iliyo kwenye umbali wa 2.50. Kwa kanuni ya Kepler, mwaka wake ni 3.95. Mshtarii hutumia miaka 11.86 kulizunguka Jua, nayo ni mara tatu kamili ya 3.95. Kwa hiyo kila asteroidi hiyo inapokamilisha mizunguko mitatu, hujikuta katika mpangilio uleule na Mshtarii, nayo huvutwa tena kwa namna ileile. Ni kama mtoto aliyepanda bembea: ukimsukuma ovyo ovyo bembea haiendi mbali, lakini ukimsukuma kidogo tu kila anaporudi, baada ya muda atakuwa anapaa juu. Njia ya asteroidi, iliyokuwa karibu duara, hurefuka na kuwa mfano wa yai. Hatimaye hukatiza njia ya Mirihi, kisha ya Dunia.

Lakini ikiwa mapengo yamekwisha kufagiliwa, mawe mapya huingia humo kwa njia gani? Kwanza, asteroidi hugongana, si mara kwa mara, ila muda uliopita ni mrefu mno, na kila mgongano hutoa vipande. Pili, vipande vidogo husukumwa na joto la Jua. Yeyote aliyekalia mwamba katika vilima vya Mbulu saa kumi za jioni anajua kwamba upande uliochomwa na jua la mchana ungali unatoa joto. Kipande kidogo kinachojizungusha angani hufanya vivyo hivyo: hutoa joto zaidi upande wake wa alasiri, na joto linalotoka husukuma kidogo mno, kama pumzi. Msukumo huo ukiendelea kwa mamilioni ya miaka bila kusita, kipande huhama polepole mpaka kikaangukia katika pengo. Kutoka hapo Mshtarii hufanya kazi iliyobaki. Jiwe lililoanguka Ufana halikurushwa moja kwa moja kutoka katika mzazi wake kama kombora. Lilisafiri kwa njia hii ndefu.

Mawe mawili, tabia mbili

Vimondo hupewa alama za herufi kwa kufuata madini yaliyomo. Alama ya Ufana ni EL6. Herufi E ni ya enstataiti, madini ya magnesi, silikoni na oksijeni ambayo karibu hayana chuma ndani yake. L huonyesha kwamba chuma chake ni kidogo kikilinganishwa na jamii yake nyingine. Na 6 ni ngazi ya joto, maana yake jiwe lilipikwa sana ndani ya mzazi wake. Karibu chuma chote cha jiwe la aina hii kimo katika hali ya metali tupu au kimeungana na salfa. Mtu wa maabara akiliona hilo hutambua mara moja kwamba jiwe liliumbika mahali penye uhaba mkubwa wa oksijeni, na wataalamu wengi hudhani kwamba mahali hapo palikuwa karibu na Jua kuliko ukanda wa asteroidi wenyewe. Ni jamii ya nadra: kati ya kila vimondo 100 vinavyoonekana vikianguka, viwili hivi tu ni vya enstataiti.

Ivuna ni kinyume chake. Ni jeusi, laini, lina kaboni, na madini yake mengi ni udongo wa mfinyanzi ulioundwa na maji: barafu iliyoyeyuka ndani ya mzazi wake iliulowesha mwamba, ukageuka. Ukiacha haidrojeni, heliamu na gesi nyingine nyepesi, uwiano wa elementi zake unakaribia mno uwiano uliomo katika Jua lenyewe. Ndiyo sababu jedwali za elementi zinazotumiwa na wanafalaki duniani kote zimetegemea sana mawe ya jamii hii. Jamii yenyewe inaitwa CI: C ni ya kaboni, na I ni ya Ivuna. Wanafunzi wa Tanzania wanaokariri majina ya sheria na vipimo vya Wazungu wanastahili kujua kwamba katika elimu ya vimondo, kijiji cha kwao ndicho kipimo.

Mawe ya jamii ya Ivuna yaliyoonekana yakianguka na kuokotwa ni matano tu: mawili Ufaransa katika karne ya 19, moja Uhindi mwaka 1911, Ivuna yenyewe, na moja Kanada mwaka 1965. Huenda mengi zaidi yameanguka, lakini jiwe la namna hii likinyeshewa hufumuka na kuwa tope. Lile la Ivuna lilianguka Desemba, mwezi wa mvua katika bonde la Rukwa. Lisingeokotwa upesi, leo pasingekuwapo herufi I.

Je, Ivuna ilitoka Nyanza? Hakuna awezaye kusema hivyo. Nyanza ni nyeusi kama Ivuna, na imo katika eneo ambamo asteroidi nyeusi ndizo nyingi, lakini weusi peke yake si ushahidi wa ujamaa. Kinachojulikana ni kwamba mwaka 2018 chombo cha Kijapani, Hayabusa2, kilifika kwenye asteroidi ndogo nyeusi iitwayo Ryugu, na Desemba 2020 kikaleta Duniani gramu 5.4 za vumbi na changarawe zake. Ilipopimwa, ilionekana kufanana na Ivuna kuliko kimondo cha aina nyingine yoyote. Inadhaniwa kwamba vitu vya namna hiyo viliumbika mbali sana na Jua, pengine nje ya njia ya Mshtarii, kisha vikasukumwa ndani na sayari kubwa zilipokuwa zikikua. Kwa hiyo ukanda wa asteroidi ni kama mnada wa mwezi: wamo watu wa kila upande, na huwezi kujua mtu ametoka wapi kwa kuangalia tu mahali aliposimama.

Suala la maji

Maji yote ya bahari yana uzito wa sehemu 1 tu katika sehemu 4,300 hivi za uzito wa Dunia. Kiasi hicho ni kidogo, lakini kinahitaji maelezo, kwa sababu mahali Dunia ilipoumbika palikuwa na joto mno, barafu isingeweza kuganda. Mpaka wa barafu ulikuwa mbali zaidi, huko kwenye ukanda.

Jibu la kwanza, na la zamani, ni kwamba maji yaliletwa na mawe ya nje. Hesabu yake ni nyepesi. Ikiwa maji ni asilimia 7 ya uzito wa mawe ya jamii ya Ivuna, basi ingetosha kilo 1 katika kila kilo 300 za Dunia iwe imetoka kwao. Ukanda wa nje umeonyesha pia kwamba barafu ingalipo. Mwaka 2010 wataalamu walitangaza kwamba wameona dalili za barafu juu ya asteroidi Themis, iliyo katika umbali wa vizio 3.13, jirani ya Nyanza kwa vipimo vya anga. Mwaka 2023 darubini ya James Webb iligundua mvuke wa maji ukitoka katika kimoja cha vitu vya ukanda huo ambavyo huota mkia kama nyota-mkia. Jina la Nyanza, ambalo katika lugha nyingi za Maziwa Makuu maana yake ni maji mapana, limeangukia mahali pake kwa bahati njema.

Jibu hilo lilikuwa na kasoro moja kubwa. Isotopu za oksijeni na za elementi nyingine kadhaa katika miamba ya Dunia hazifanani na zile za Ivuna. Zinafanana na za mawe ya enstataiti, jamii ya Ufana, kuliko aina nyingine zote. Inaonekana kana kwamba sehemu kubwa ya Dunia ilijengwa kwa mawe ya namna hiyo, yale makavu yaliyoumbika karibu na Jua. Basi nyumba ilijengwa kwa matofali ya Ufana. Maji yake je, yaliletwa baadaye na wageni kutoka nje?

Mwaka 2020 kundi la wataalamu nchini Ufaransa lilichapisha vipimo vya haidrojeni iliyomo katika mawe ya enstataiti. Waliona kwamba mawe hayo, yaliyodhaniwa kuwa makavu kabisa, yana haidrojeni ya kutosha kufanya maji yenye uzito wa angalau mara tatu ya bahari zote, kama Dunia ilijengwa kwayo. Haidrojeni hiyo ina uwiano wa isotopu unaokaribia ule wa ndani ya Dunia. Kiasi kikubwa zaidi kilikuwa katika mawe ambayo hayakupata joto jingi. Mawe ya ngazi ya 6 yamebakiwa na kidogo. Msomaji anaweza kupima uzito wa hoja hiyo kwa hesabu ndogo: ikiwa kila kilo elfu moja za Dunia ya kale zilikuwa na kilo moja tu ya maji, jumla yake ingekuwa zaidi ya mara nne ya bahari za leo.

Shauri hili halijakatwa. Wapinzani walisema kwamba baadhi ya mawe ya enstataiti huokotwa jangwani au katika barafu ya Antaktika baada ya kukaa huko maelfu ya miaka, na kwamba haidrojeni huenda imeingia kutoka katika hewa na unyevu wa Dunia hii hii. Watetezi wamejibu kwa kupima mahali ilipo haidrojeni ndani ya jiwe, chembe kwa chembe. Upande wa pili nao umepata pigo lake. Changarawe za Ryugu, ambazo hazikugusa hewa yetu, zilionyesha maji machache kuliko yale yaliyokuwa yakipimwa katika mawe ya jamii ya Ivuna, na hazikuwa na chumvi za salfati zilizozoeleka katika mawe hayo. Maana yake ni kwamba chumvi hizo na sehemu ya maji viliingia baadaye, mawe yakiwa yamekaa kabatini. Kwa zaidi ya karne moja wataalamu walikuwa wakipima, pamoja na maji ya angani, unyevu wa vyumba vya makumbusho.

Katika maoni ya wengi sasa, majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, na mabishano ni juu ya kiasi. Lakini kiasi ndicho chenyewe. Ikiwa maji mengi ni ya Ufana, basi sayari za mawe zinazozunguka nyota nyingine zaweza kuzaliwa na maji yake bila kumngoja Mshtarii wao kuwaletea. Ikiwa ni ya Ivuna, dunia zenye bahari zitakuwa nadra.

Jiwe likianguka leo

Kutokana na hayo, jiwe lililookotwa siku ileile lilipoanguka, likiwa kavu, lina thamani ya elimu isiyolinganishwa na lile lililokaa shambani masika mbili. Wilaya za Mbulu na Hanang zina mashamba mapana ya ngano na malisho ambamo watu wengi hushinda nje mchana kutwa, na yamkini mchungaji au mkulima ndiye atakayekuwa wa kwanza kuliona jiwe lijalo.

Kwanza ni lazima kuondoa makosa mawili. Mashimo makubwa ya mviringo yaliyo katika eneo la Basotu, mengine yakiwa na maji, hayakuchimbwa na vimondo. Ni mashimo ya volkano: maji ya ardhini yalikutana na uji wa moto wa miamba, mvuke ukalipuka, na kingo zake zimejengwa kwa majivu na vipande vya miamba ya chini. Kosa la pili ni kudhani kwamba kila jiwe jeusi limetoka juu. Mlima Hanang, wenye zaidi ya meta 3,400, ni volkano, na mawe meusi yake yametapakaa kila mahali. Mengi yana vitundu vilivyoachwa na gesi. Kimondo hakina vitundu. Kina gamba jembamba la kuungua, jeusi, kama rangi iliyopakwa, na mahali lilipobanduka ndani huonekana rangi nyingine.

Jiwe dogo halichimbi shimo kubwa. Linapoingia hewani lina mwendo wa kilometa 11 kwa sekunde au zaidi, lakini hewa hulizuia mpaka mwendo wake unabaki kuwa ule wa jiwe lolote lililodondoshwa kutoka juu sana. Kwa uzito wa gramu 189 mwendo huo ni kiasi cha meta 60 kwa sekunde. Humwumiza vibaya aliyepigwa, ila ardhini huacha alama ya kikombe tu. Wala halifiki likiwaka: gamba limeyeyuka kwa sekunde chache tu, ndani mna baridi ya angani.

Aliyeliona asilioshe. Asiligonge kwa nyundo wala kulipasua ili kugawana. Asilishike kwa mkono mtupu ikiwezekana, kwa maana jasho la vidole lina kaboni na chumvi, vitu vilevile vitakavyotafutwa. Walimu wengi hupenda kulijaribu kwa sumaku, na jambo hili nalo liachwe, kwa kuwa sumaku yenye nguvu hufuta usumaku wa kale uliohifadhiwa ndani ya jiwe tangu lilipoumbika. Atumie dira, aone kama sindano yake inageuka jiwe likisogezwa. Lifungwe katika karatasi safi ya alumini kama ile ya kufungia chakula, liwekwe mahali pakavu, na yaandikwe siku hiyohiyo: saa, mahali, mwanga ulitoka upande gani, ngurumo ilisikika baada ya muda gani, na kila shahidi aandikiwe alikuwa amesimama wapi. Kisha taarifa ipelekwe kwa uongozi wa wilaya na kwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, iliyoko Dodoma, au kwa idara ya jiolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Hilo la mwisho lina sababu. Kimondo kikubwa cha chuma cha Mbozi, ambacho uzito wake hutajwa kuwa kati ya tani 12 na 16, kingali mahali pake kwa sababu hakibebeki. Mawe madogo hubebeka. Kipande kikubwa cha Ivuna kilikuwa mikononi mwa mkusanyaji binafsi nchini Marekani kabla ya kununuliwa na Makumbusho ya Historia ya Asili ya London mwaka 2008. Huko kimetunzwa vizuri, ndani ya gesi ya naitrojeni isiyokidhuru, na wataalamu wa nchi nyingi wamefaidika. Lakini mwanafunzi wa Songwe akitaka kukiona kipimo hicho chenye jina la nyumbani kwao, hana budi kutafuta pasipoti.

Maswali kwa wanafunzi

1. Umbali wa wastani wa asteroidi Mombasa ni vizio vya falaki 2.81. Tafuta mwaka wake. Iko upande gani wa pengo la 2.82, na je, imo katika ukanda wa nje?

2. Onyesha kwa hesabu kwamba asteroidi iliyo kwenye vizio 3.27 hukamilisha mizunguko miwili hivi Mshtarii anapokamilisha mmoja.

3. Katika kiwanja cha mpira kilichoelezwa hapo juu, Zohali, iliyo kwenye vizio 9.5, itakuwa wapi?

4. Chukua kwamba bahari ni sehemu 1 katika 4,300 za uzito wa Dunia. Ikiwa nusu ya maji hayo ililetwa na mawe ya jamii ya Ivuna yenye maji asilimia 7, ni kilo ngapi za Dunia zilizotoka kwa mawe hayo katika kila kilo 10,000?

5. Mkulima wa Hanang amekuletea jiwe lenye gamba jeusi, alilolitumia kwa mwaka mzima kuzuia mlango wa ghala. Kati ya vipimo vilivyotajwa katika makala hii, vipi vingali vya kuaminika na vipi vimekwisha kuharibika? Toa sababu kwa kila kimoja.